Dorcus na Mjumbe wa Chama

Mwaka wa 1972, Dorcus Amolo alikuwa msimamizi wa dobi, mahali pa kufulia nguo, katika hospitali moja ya serikali, upande wa Bomet. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo. Mashamba ya majani chai yalifika mpaka kwenye ua wake. Ukisimama kwenye kamba za kuanikia nguo, ulichoona ni kijani kitupu mpaka macho yachoke.

Dorcus aliipenda kazi yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika, na aliweza kutazama shuka kwa mbali akajua kama limesuuzwa vizuri au bado lina sabuni. Chini yake walikuwa wanawake sita na mwanamume mmoja. Mwanamume huyo aliitwa Kipkosgei. Yeye aliwasha boila ya kuni iliyotoa maji ya moto. Wanawake walifua, wakaanika, wakapiga pasi, wakakunja. Kila siku hospitali iliwaletea mashuka mia mbili, bila kuhesabu nepi na gauni za wagonjwa. Waliingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa tisa alasiri.

Jioni Dorcus alirudi nyumbani kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai. Mume wake, Lazarus Ojwang, alifanya kazi katika kiwanda hicho, kwenye mashine ya kukausha majani. Walikuwa na watoto watatu na kuku wengi. Lazarus alimwita mkewe Nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sababu alizaliwa Gem, kule magharibi.

Mwaka huo mvua ilikuja mapema. Kila siku mchana ilikuwa vilevile. Saa saba wingu jeusi linapanda kutoka msituni. Saa nane maji yanamwagika. Mashuka yaliyoanikwa saa nne yalikuwa bado hayajakauka, na wanawake walikimbia kuyaanua yakiwa yanachuruzika. Kesho yake walianza na mashuka ya jana kabla ya kugusa ya leo.

Siku moja metroni, mkubwa wa wauguzi, alimwita Dorcus pembeni.

"Mama Dorcus, jana mama mmoja alijifungua akiwa amelala juu ya mpira mtupu wa godoro," alisema. "Hatukuwa na shuka hata moja kavu. Mtoto tulimfunga kwa khanga ya nyanya yake. Mimi niliona aibu."

Dorcus naye aliona aibu. Alirudi ofisini kwake, kichumba chenye meza moja na dirisha moja, akafikiri. Akaona jibu upesi. Watu wakiingia saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja, mashuka yatakuwa kwenye kamba jua linapochomoza. Mvua ikifika, yatakuwa yamekauka. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: KUANZIA JUMATATU KAZI INAANZA SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI. ATAKAYECHELEWA ATAPEWA BARUA YA ONYO. Akaibandika mlangoni.

Hakumwambia mtu yeyote habari ya yule mama wa mpira. Hakuona haja.

Wanawake walisoma karatasi hiyo, wakarudi kazini. Elmina alikuwa na mtoto wa miezi minne aliyekuwa bado ananyonya. Bitutu alikaa mbali, ng'ambo ya mto, na njia yake ilipita kwenye daraja la magogo mawili. Saa kumi na moja bado ni giza. Ili afike saa hiyo, ilimbidi aondoke nyumbani saa tisa na nusu.

Mchana, Tecla alibisha mlango wa Dorcus. Tecla alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mkipsigis wa karibu na Longisa, mpole wa kuongea lakini mgumu wa kurudi nyuma. Wenzake walikuwa wamemchagua awe mjumbe wa chama cha wafanyakazi pale kwa dobi. Kama kulikuwa na malalamiko, yeye ndiye aliyeyafikisha.

"Mama, habari ya kazi."

"Nzuri. Unasemaje?"

"Tunaomba utupe dakika kumi tu tuongee. Ni juu ya hii saa mpya."

"Hakuna cha kuongea. Karatasi imesema."

"Watu wako na shida, Mama. Wengine wanatoka mbali."

"Tecla, hapa ni serikali," Dorcus alisema. "Serikali haikai na watu dakika kumi. Hiyo mambo ya chama peleka kwa mashamba ya chai. Hapa tunafua nguo ya wagonjwa."

Tecla akatoa barua mfukoni mwa aproni, akaiweka mezani. "Basi nimeleta kwa maandishi," alisema, akatoka.

Dorcus hakuifungua. Aliweka pasi juu yake.

Jioni alimsimulia Lazarus. Alitaka aambiwe kwamba amefanya vizuri. Lazarus alikuwa anachambua mboga ya osuga. Akaendelea kuchambua.

"Nyar Gem," alisema, "umesahau mimi pia niko kwa chama?"

"Yenu ni ya kampuni. Sisi ni serikali."

"Kwani mtu wa serikali mguu wake hauchoki?"

"Usinichekeshe. Mimi nafanya kwa ajili ya wagonjwa."

"Najua. Lakini sisi kule kiwandani, meneja akitaka kubadilisha zamu, anaita mjumbe wetu kwanza. Wanakaa. Wakati mwingine tunakubali, wakati mwingine tunakataa, wakati mwingine tunakutana katikati. Zamani hakuwa anafanya hivyo. Siku moja alibadilisha bila kuuliza, watu wakaacha kazi, na majani yakaoza kwenye trei."

"Mimi siyo meneja wako."

"Hapana," alisema Lazarus. "Wewe unapika ugali mzuri kuliko yeye." Dorcus akamnyang'anya mboga, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu watu walikuja saa kumi na moja. Karibu wote. Elmina alifika dakika ishirini baadaye, mtoto mgongoni, kwa sababu jirani wa kumwachia alikuwa bado amelala. Dorcus aliandika jina lake. Jumanne Bitutu aliteleza kwenye magogo ya daraja akaumia kifundo cha mguu. Alifika akichechemea, akafua hivyo hivyo, na mpaka saa nne mguu ulikuwa umevimba kama kiazi.

Jumatano kazi ilipungua mwendo. Hakuna aliyekataa kufanya kazi. Hakuna aliyejibu vibaya. Lakini shuka moja lilisuuzwa mara tano. Pasi ilipita juu ya foronya polepole, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Kila kitu kilikunjwa taratibu, kikakunjuliwa, kikakunjwa tena. Ulikuwa mgomo baridi. Dorcus alipita huku na huku, akapaza sauti mpaka ikakauka. Wao wakamjibu, "Ndiyo, Mama."

Ijumaa rundo la nguo chafu lilikuwa limefika kwenye ukingo wa dirisha. Daktari aliahirisha upasuaji wa mgonjwa wa ngiri kwa sababu nguo za chumba cha upasuaji hazikuwa tayari. Saa tano, Dorcus na Tecla waliitwa ofisini kwa katibu wa hospitali, Bwana Bogonko.

Bogonko alikuwa Mkisii mnene, mtu wa kucheka. Siku hiyo hakucheka, lakini pia hakugomba.

"Mama Dorcus, kabla ya kubadilisha saa, uliongea na watu wako?"

"Niliwaandikia."

"Kuandika ni kutangaza. Nimeuliza kama mliongea." Akamgeukia Tecla. "Na wewe. Kabla ya kuanza hiyo polepole yenu, ulikuja kwangu?"

Tecla aliangalia sakafu. "Hapana, Bwana."

"Mlango wangu uko wazi kila siku, na wewe uliruka ukaenda moja kwa moja kwa mgonjwa." Bogonko alifungua faili. "Sikilizeni. Wiki ijayo ofisi ya kazi inafanya mafunzo pale Kericho, siku tano. Ni ya wasimamizi wa idara za serikali na wajumbe wa vyama vyao. Mtaenda nyinyi wawili. Mpaka mrudi, kazi inaanza saa moja kama zamani, na mikono inafanya kazi kama mikono. Tumeelewana?"

Walielewana. Lakini katika basi la Kericho, Dorcus alikaa mbele na Tecla akakaa nyuma.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wenye madirisha makubwa. Walikuwa watu ishirini na wanne: wasimamizi wa barabara, wa misitu, wa maji, wa mifugo, na wajumbe wao. Wanawake walikuwa wawili tu, Dorcus na Tecla. Kwa hiyo walipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Siku ya kwanza walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

Mwalimu wao alikuwa afisa wa kazi, Bwana Momanyi. Alikuwa mwembamba, na kila alipotaka kusema jambo la maana alishika chaki bila kuandika chochote.

"Wasimamizi, naanza na nyinyi," alisema. "Wengine wenu mnafikiri chama ni adui aliyeletwa na mtu kutoka mbali. Chama ni wafanyakazi wako wewe. Sheria ya Kenya inawaruhusu kujiunga. Huwezi kumwadhibu mtu kwa sababu ni mjumbe, na huwezi kukataa kumsikiliza."

Msimamizi mmoja wa barabara aliinua mkono. "Sasa, Bwana, ni nani mkubwa? Mimi au yeye?"

"Wewe. Kazi unaipanga wewe, na ikiharibika unaulizwa wewe. Mjumbe hakuja kuchukua kiti chako. Lakini unapotaka kubadilisha jambo linalogusa maisha ya watu, kama saa, zamu, au mahali pa kazi, waambie mapema. Waambie sababu. Kisha nyamaza usikie. Baada ya hapo ndipo uamue."

Siku ya pili alizungumza juu ya njia ya malalamiko. Alieleza kwamba malalamiko ni kama mgonjwa. Haanzi na hospitali kubwa ya Nairobi. Mfanyakazi anamwona msimamizi wake kwanza. Wasipoelewana, anakwenda pamoja na mjumbe. Wakishindwa hapo, jambo linapelekwa kwa mkubwa wa kituo, na linaandikwa. Na huyo mkubwa akishindwa, ofisi ya kazi ipo.

"Na nyinyi wajumbe," alisema, "msiruke ngazi. Hasa kwenye hospitali. Pale hamgombani na msimamizi peke yake. Kuna mtu amelala kitandani, na yeye hajawakosea kitu."

Tecla aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari chini.

Siku ya tatu Bwana Momanyi alisema watacheza mchezo. Aliwapanga wawili wawili, msimamizi na mjumbe wake, halafu akageuza. Wasimamizi wakawa wajumbe na wajumbe wakawa wasimamizi. Akawapa mfano aliobuni mwenyewe: shamba la miche ya miti ya serikali, huko kwenye baridi ya Londiani. Mkubwa ameamuru kila mtu aje Jumapili asubuhi kumwagilia miche. Hakumwuliza mtu.

Dorcus na Tecla waliitwa mbele kwanza. Tecla alikaa kwenye kiti cha mkubwa. Dorcus alisimama mbele yake kama mjumbe.

"Bwana mkubwa," Dorcus alianza, "watu wangu wanasema Jumapili wako kanisani."

"Miche haiendi kanisani," Tecla alijibu.

Ukumbi ukacheka. Dorcus akachangamka.

"Lakini wengine wanatoka mbali. Wengine wana watoto. Wewe unakaa hapa kando ya ofisi, unaamka unanywa chai yako, unaandika karatasi. Umeuliza hata mmoja anatoka wapi? Hata ng'ombe, kabla ya kumhamisha boma unamtazama mguu." Sauti yake ilikuwa imepanda. Alikuwa amesahau kwamba ni mchezo. "Tunaomba utusikilize. Dakika chache tu."

Tecla alimtazama. Kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Hapa ni serikali. Serikali haikai na watu dakika kumi."

Watu ukumbini walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Dorcus aliyasikia maneno yale kama alivyoyasikia Tecla siku ile ofisini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Tecla naye akashindwa kujizuia; mkubwa huyo wa miche ya Londiani akafunika uso kwa daftari.

"Naona nyinyi wawili mmekutana zamani," alisema Bwana Momanyi.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha Kericho pia. Dorcus na Tecla walifua blauzi zao kwenye beseni moja, wakazitundika dirishani. Dorcus akasema, bila kumtazama mwenzake, "Barua yako sikuisoma."

"Najua. Niliiona chini ya pasi."

"Ilisema nini?"

"Ilisema mambo mawili tu. Elmina ananyonyesha na Bitutu anapita kwa daraja mbaya. Na iliuliza, kwa nini saa kumi na moja? Hatukujua kwa nini. Wengine walisema unataka kupandishwa cheo."

Dorcus aliketi kitandani. "Kuna mama alijifungua juu ya mpira mtupu," alisema. "Hatukuwa na shuka kavu. Metroni aliniambia, na mimi nikaona haya."

Tecla aligeuka kutoka dirishani. "Lini?"

"Siku moja kabla ya ile karatasi."

"Hukutuambia."

"Sikuwaambia."

"Mimi nilijifungua mtoto wangu wa pili wadi ile ile," alisema Tecla. "Kama ungetuambia hiyo tu, Mama, tungekaa hapo mpaka tupate njia. Na mimi nikafanya watu wakunje foronya moja mara tatu, wakati wadi haina shuka." Alitikisa kichwa. "Aibu ni yetu sote."

Walipanda basi la kurudi Ijumaa. Safari hii walikaa kiti kimoja. Walibishana njia nzima juu ya namna ya kuendesha mkutano, nani aandike na nani afungue, na mama mmoja aliyekaa mbele yao aligeuka akauliza kama ni dada.

Jumatatu, baada ya chai ya saa nne, Dorcus alifunga mlango wa chumba cha pasi. Watu wote saba walikaa juu ya masanduku na mabenchi. Hakuleta karatasi yoyote ya kubandika.

"Kwanza," alisema, "jina la Elmina nimelifuta. Na Bitutu, pole ya mguu. Nilikosea. Sasa nitawaambia shida yetu, halafu mimi nitanyamaza." Akawaeleza habari ya yule mama na mtoto aliyefungwa kwa khanga. Akaeleza saa za jua na saa za mvua. Kisha akakaa, akauma ulimi, jambo ambalo lilikuwa gumu kwake kuliko kubeba kapu la mashuka yaliyolowa.

Mvua haikuwa imeanza.

"Wagonjwa wanataka shuka kavu," Bitutu alisema. "Hawajasema likaukie juani."

"Unamaanisha nini?" Tecla aliuliza.

"Kwetu, mvua ikinyesha wiki nzima, nepi tunakaushia juu ya jiko."

Watu wakacheka, lakini Kipkosgei hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Nyuma ya boila kuna chumba," alisema. "Kimejaa vitanda vilivyovunjika. Mimi nikikaa huko dakika tano natoka jasho. Bomba la moshi linapita ukutani."

Wakaenda kukiona, wote pamoja. Kilikuwa kikubwa na cha joto kama tanuri la mkate. Tecla akahesabu hatua kutoka ukuta mpaka ukuta. Dorcus akapima urefu wa kamba kwa mikono yake.

Mapatano yao Elmina aliyaandika kwa mwandiko mzuri. Vitanda vitaondolewa, na waya za kuanikia zitafungwa humo. Kipkosgei, ambaye alikaa ndani ya ua wa hospitali, atawasha boila mapema na kutoka mapema. Wanawake wanaokaa karibu wataingia saa kumi na mbili kwa zamu, wawili wawili, na kutoka saa nane. Wanaokaa mbali na wanaonyonyesha wataingia saa moja kama zamani. Watajaribu kwa mwezi mmoja, kisha wakae tena. Dorcus akatia sahihi, Tecla akatia sahihi, na Bwana Bogonko akatoa waya.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya pili metroni alikuja na shuka mkononi.

"Ni safi na ni kavu," alisema. "Lakini nusa."

Dorcus akanusa.

"Wagonjwa wanauliza nani anachoma mahindi wadini," alisema metroni.

Zamani Dorcus angebandika karatasi. Siku hiyo aliita watu. Kipkosgei alikagua akakuta bomba limeliwa na kutu kwenye kiungo, moshi unavuja. Fundi wa hospitali alileta bomba jipya. Mpaka mwezi ulipokwisha, hakuna aliyetaja mahindi tena. Mvua ilinyesha mchana kama ilivyopenda, na wadi ya uzazi ilikuwa na rundo la mashuka meupe kabatini, na mengine ya akiba.

Msifikiri kwamba Dorcus na Tecla hawakubishana tena. Mwezi wa nane Tecla aliomba glavu za mpira, kwa sababu soda ya kufulia ilikuwa inakula mikono ya watu. Dorcus alisema mwaka huo glavu hazikuwa kwenye mpango wa matumizi. Walikaa mara mbili, hawakuelewana. Basi wakaandika pamoja, kila mmoja upande wake, wakapeleka kwa Bwana Bogonko. Bogonko alizunguka, akapata glavu jozi nne, akaahidi nyingine kwenye mpango wa mwaka uliofuata, na akatimiza. Muda wote huo hakuna shuka lililochelewa. Dorcus alishangaa kuona kwamba mtu anaweza kukukatalia saa tatu, na saa nne mkanywa naye chai.

Mwaka uliofuata Bwana Momanyi aliandika barua hospitalini. Aliomba Dorcus na Tecla waje Kericho wazungumze na kundi jipya la mafunzo.

Dorcus alisimama mbele ya watu thelathini. Wengi walikuwa wanaume wenye kofia magotini. Alieleza kila kitu bila kujificha: karatasi ya mlangoni, barua chini ya pasi, mguu wa Bitutu, rundo la nguo chafu, na chumba cha nyuma ya boila. Alipomaliza, msimamizi mmoja wa maji alisimama.

"Mama, asante," alisema. "Lakini ukikaa na watu hivyo kila mara, si watakupanda kichwani?"

"Nikuulize na mimi," Dorcus alisema. "Pale kwako una watu wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Kuna jambo gani kwa kazi yako limekushinda mwaka huu?"

"Kuna bomba moja linapasuka kila mwezi. Tumelifunga na kulifunga. Hatujui kwa nini."

"Na wale kumi na wawili, ulishawauliza wao wanafikiri ni kwa nini?"

Msimamizi wa maji alitazama nyuma, mstari wa wajumbe. Mjumbe wake, mzee mwenye koti la kijivu, alikuwa tayari ameinua mkono.